Sura ya Tano: Nati Zisizoguswa

Inspekta Xavery Lohay alikuwa amelala chali chini ya gari jekundu, nyuma ya kituo cha polisi cha Babati, na kilichoonekana ni viatu vyake tu. Konstebo Zuwena alisimama kando ameshika kurunzi isiyo na betri. Mwaka ule wa themanini na tatu betri hazikupatikana mji mzima, lakini utaratibu ulitaka konstebo ashike kurunzi, naye alikuwa ameishika.

"Afande, umelala?"

"Nasoma."

"Huko chini kuna nini cha kusoma?"

"Nati."

Gari lenyewe lilikuwa la Kiingereza, la michezo, viti viwili na turubai badala ya paa. Mlowezi mmoja wa bonde la Kiru alipoondoka nchini alichukua mbwa wake akaliacha gari. Halikuwa na mwenzake wilaya nzima. Pale sokoni walikuwepo watu wazima walioapa kwamba liliwahi kulipita basi la Arusha mlimani huku dereva wake akimenya muwa kwa mikono yote miwili. Sasa lilikuwa limebonyea pua na halina kioo. Wiki iliyopita, asubuhi, kwenye kona ya Singe, mkia wake ulitaka kutangulia mbele ya pua, likaacha barabara na kubingirika ndani ya shamba la mbaazi. Mwenyewe, Modesti Bura, bwana shamba, alikufa kabla mwenye mbaazi hajafika na jembe lake.

Sehemu ya nyuma haikuumia sana. Kila upande ulikuwa na springi ya vyuma bapa vilivyolaliana. Juu ya springi ilikaa ekseli, na vyote viwili vilifungwa pamoja kwa yubolti mbili, bolti zilizopindwa kama kwato, zenye nati nne. Kati ya ekseli na springi hukaa pedi, ili chuma kisilale juu ya chuma. Upande wa kulia pedi, ya ngozi iliyonuka mafuta ya kondoo, ilibaki nusu, ukingo wake umechanikachanika. Upande wa kushoto hapakuwa na pedi kabisa, na yubolti zilicheza kama bangili kwenye mkono wa mgonjwa.

Mkaguzi aliyeletwa kutoka mkoani alizitikisa kwa kidole, akaandika maneno mawili: nati hazikukazwa, akarudi na gari lililomleta. Kwa maneno hayo mawili Fundi Kasimiri Ombay, aliyeifunga sehemu hiyo ya nyuma jioni ya kuamkia ajali, alikuwa rumande. Jumatatu angepelekwa mahakamani kwa kuua bila kukusudia. Mwendesha mashtaka alikuwa akifikiria hata kukusudia, kwa sababu watu wanne walimsikia Kasimiri akimwambia marehemu, "Gari hili litakuua."

Inspekta alijivuta nje na kujipangusa vumbi.

"Kalete fundi. Halafu pita machinjioni, uniletee kipande cha ngozi mbichi na mkia wa kondoo."

"Tunapika, afande?"

"Tunafunga gari."

*

Kasimiri alikuwa mtu mzima mwenye gereji jirani na stendi. Aliletwa uani, akaliangalia gari kama mtu anayemwangalia mkwe aliyelewa.

"Shikamoo, Fundi," Inspekta alisema.

"Marahaba, afande. Ukiona polisi anakuamkia ujue utanyongwa."

"Nataka ufunge nyuma ya hili gari kama ulivyofunga siku ile. Usiongeze kitu, usipunguze. Siku ile ulianza na nini?"

"Kulalamika."

"Hilo ruka."

Kasimiri aliinua gari kwa jeki, akalikalisha juu ya magogo, ekseli ikaning'inia. Kila alichokigusa Inspekta alikiuliza.

"Pedi za mpira zilikuwa wapi?"

"Zilikufa zamani. Mpira wake uko Nairobi na mpaka umefungwa. Tairi kuukuu nazo watu wamevaa miguuni. Nilimwambia Modesti asubiri, akasema nisipolifunga anampelekea fundi mwingine. Ndipo nikamwambia litakuua. Hayo ni maneno ya gereji, afande! Nimemwambia hivyo hivyo padri na pikipiki yake. Padri yuko hai, kamuulizeni."

"Ukatumia ngozi."

"Ngozi ni kitu cha maana. Mwaka sabini na nne lori la pamba lilinikatikia gia pale Magugu. Nikachonga gia ya mpingo. Lori lile lilikwenda Mwanza na kurudi, likapata ajali, likafa, mwenye lori akafa, gia ikabaki. Mjane wake anatwangia karanga mpaka leo."

"Muongo wewe," Zuwena alisema.

"Kamuulize mjane."

"Shokapu?" Inspekta aliuliza.

"Zilikuwa kavu. Nikazijaza mafuta ya nyonyo."

"Haya ya kuharishia?" Zuwena aliuliza.

"Haya haya. Gari halikulalamika."

Zuwena aligeuka pembeni, mabega yakamtikisika. Inspekta hakucheka. Alimwonyesha fundi ngozi kwa kidole, na fundi akaikata vipande viwili vipana vilivyozidi kidogo upana wa springi, akavitumbukiza kwenye sufuria ya mafuta ya mkia yaliyokuwa yakichemka juu ya mafiga.

"Kwa nini mafuta ya kondoo?"

"Ngozi kavu hupasuka. Ilitakiwa ichemkie kwenye oili chafu. Lakini siku hizi hata oili chafu mtu anaifungia kabatini. Jovita, mke wangu, alikuwa na mkia. Tulikosa mboga siku ile, pedi zikapata."

Alivitoa vipande vikiwa vinachuruzika, akavipanga mahali pake, akakalisha ekseli, akapitisha yubolti, akakaza. Alikaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Kisha akanyoosha mkono kwa Zuwena.

"Rangi ya kucha."

"Sina."

"Afande, siku ile nilikuwa na rangi ya kucha ya Jovita. Nyekundu. Nikimaliza kukaza napiga mstari mmoja, kutoka kwenye nati kwenda kwenye bolti. Nati ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika, naona. Vijana wote wa gereji wananicheka."

"Nimeiona," Inspekta alisema. "Piga kwa chaki."

Kasimiri alipiga kwa chaki. Inspekta alichuchumaa, akachukua uzi, akaushikiza kwenye springi ya kushoto na kuuvuta mpaka ya kulia, akaufunga fundo na kuutia mfukoni. Kisha akamwita Zuwena.

"Gari hili liliponijia lilikuwa na mistari minane myekundu. Yote mizima. Hilo linakuambia nini?"

Zuwena alifikiri. "Hakuna aliyezifungua nati."

"Na?"

"Na hazikulegea zenyewe. Basi Paskasi hayumo." Paskasi alikuwa mdogo wa marehemu, mwenye duka, na mji mzima ulijua alivyolitamani gari lile. Zuwena ndiye aliyekuwa amegundua kwamba anamiliki seti nzima ya spana, na alikuwa amejivunia jambo hilo kwa siku kadhaa.

"Spana yake ingekata mstari. Hayumo."

"Lakini afande, nati zimekaa pale pale zilipokazwa, na yubolti zinacheza. Haiwezekani."

"Inawezekana. Usipogusa nati, unagusa nini?"

Jibu halikutoka kwa Zuwena. Lilitoka kwa mbwa wa kantini, jike mwembamba waliyembatiza Koplo, aliyekuwa ameufuata moshi wa mafuta tangu mwanzo. Wao walipokuwa wakiongea yeye aliingia chini ya gari, akaushika kwa meno ukingo wa pedi ya kushoto, akakita miguu na kuvuta.

"Toka!" Kasimiri aliokota jiwe.

"Mwache," Inspekta alisema.

Walimwangalia. Koplo alivuta, akapumzika, akalamba, akavuta tena. Ngozi ilikuwa bado laini na inateleza kwa mafuta. Ilimpa utepe mrefu, naye akakimbia nao nyuma ya choo. Inspekta akaingia chini ya gari na kushika yubolti. Ilikuwa imeanza kucheza, kidogo sana, kama jino la mtoto. Mstari wa chaki ulikuwa mzima.

Kasimiri bado alikuwa na jiwe mkononi.

"Huyu hana meno ya kuimaliza," alisema hatimaye, sauti yake imeshuka. "Huyu ameonja tu."

"Fisi," Zuwena alisema.

Walikuwepo fisi. Kila mwenye ndama Babati alijua walivyoshuka milimani tangu mvua zikatike.

"Lililala wapi usiku ule?" Inspekta aliuliza.

"Nilimwambia alilaze ndani! Nilimwambia alilaze bandani mpaka ngozi ikauke na kukamata. Nilihofia mvua. Haki ya Mungu, fisi sikumfikiria."

"Mjane wa Modesti ameeleza kwamba lililala ndani. Banda limefungwa kwa kufuli."

Kasimiri aliliweka chini lile jiwe, polepole, kama yai.

"Ikiwa lililala ndani, fisi hakulifikia."

"Hakulifikia. Na mstari unaweza kupigwa hata kwenye nati isiyokazwa."

"Basi ni mimi."

"Ndiyo," Inspekta alisema. "Basi ni wewe."

*

Landrova ya kituo haikuwa na petroli. Walikwenda Nakwa kwa miguu, Inspekta mbele, Zuwena nyuma na kurunzi yake.

Nyumba ya marehemu ilikuwa na turubai la matanga bado, na viti vya kuazima vimebebanishwa ukutani. Mjane, Mama Alois, alikuwa amekaa kwenye mkeka na khanga nyeusi kichwani. Alikuwa amelia akamaliza, na sasa uso wake ulikuwa umetulia kama maji ya pipa. Paskasi alitoka jikoni akipangusa mdomo.

"Pole sana na msiba, mama."

"Tumeshapoa, baba. Karibuni viti."

"Afande, si mlishaandika maelezo?" Paskasi alisema. "Shemeji hajalala siku zote hizi."

"Niliandika. Nimekuja kuangalia tu."

Banda la gari lilikuwa mwisho wa uwanja. Madirisha yake yalizibwa kwa mabati mapya, na kufuli lilikuwa kubwa kama la ghala. Inspekta alilipita bila kugeuza kichwa. Alikwenda kando ya nyumba, chini ya dirisha la chumba, mahali ambapo mti wa mgrevilea ulitia kivuli. Uwanja mzima ulikuwa umefagiliwa ukafagiliwa tena. Alichuchumaa.

"Zuwena, unaona nini?"

"Sisimizi."

"Wako wapi?"

Sisimizi walikuwa wamejazana mahali pawili. Walikuwa wamechimba udongo mwekundu na kuugeuza unga, na kati ya makundi hayo mawili ardhi ilikuwa tupu. Inspekta alitoa uzi mfukoni, akashika ncha moja katikati ya kundi la kwanza, akampa Zuwena fundo. Fundo lilitua katikati ya kundi la pili. Alichota udongo kidogo, akaunusa, akampa Zuwena anuse.

"Kondoo," Zuwena alisema.

Kisha Zuwena alizunguka nyuma ya mgrevilea, kwenye mabua, akarudi na kitu kwenye jani. Kilikuwa cheupe kama chaki, na ndani yake kulikuwa na mifupa iliyosagika.

"Kinyesi cha fisi. Fagio halikufika huko, afande."

Walirudi kwenye mkeka. Inspekta aliomba ruhusa ya kukaa, akakaa.

"Mama Alois, jioni ile mzee aliporudi na gari kutoka kwa Kasimiri, alililaza wapi?"

"Bandani," Paskasi alisema.

"Nimemuuliza mama."

"Bandani," mjane alisema, bila kumwangalia mtu.

"Pale chini ya dirisha kuna mafuta ya mkia wa kondoo. Yamedondoka mahali pawili, upana wa springi za gari lile. Gari lile halikuwa na mafuta ya kondoo kabla ya jioni ile, na asubuhi yake liliondoka halikurudi."

"Labda alisimama kidogo kushusha mizigo," Paskasi alisema. "Ndipo akaingiza. Kwani gari likisimama ndiyo limelala?"

"Inawezekana. Ndiyo maana nauliza. Udongo hauwezi kuniambia lilisimama mpaka saa ngapi."

"Basi tumeshakujibu."

"Lililala bandani," Inspekta alisema kwa sauti ile ile, kama mtu anayesoma tangazo, "basi hakuna mnyama aliyelifikia, na fundi hakukaza. Jumatatu Kasimiri anakwenda mahakamani na mimi ndiye nitakayemsindikiza. Lililala nje, basi fisi alikula pedi, ekseli ikabaki wazi, na hakuna mtu aliyemuua mzee. Ni hivyo tu. Hakuna la tatu."

Kuku walikuwa wakiparua chini ya viti. Mjane aliuangalia mkeka.

"Naweza kuandika kwamba lililala nje," Inspekta aliongeza, "na nisiandike kwa nini."

"Mwendesha mashtaka atauliza kwa nini," mjane alisema.

"Atauliza."

"Atauliza, una banda zuri, lina kufuli, kwa nini gari lilale nje."

"Shemeji," Paskasi alisema.

"Atauliza, na wewe utakuja kufungua."

"Nitakuja."

"Shemeji, nyamaza! Una watoto!"

Mama Alois alivuta khanga ikamfunika masikio, kisha akaishusha tena. Sauti yake haikupanda wala kushuka.

"Siku ya maziko Jovita alikuja. Mke wa Kasimiri. Aliteka maji kutwa nzima, madumu na madumu. Watu wakayamwaga. Wanawake wa jumuiya yangu, ninaosali nao, walimsubiri ageuke wakayamwaga. Akirudi anakuta pipa tupu, anakwenda tena kuteka. Mimi nilikuwa nimekaa hapa hapa. Niliona."

Zuwena aliinamisha kichwa.

"Lililala nje, baba. Chini ya dirisha letu. Tulimsikia akitafuna. Mzee akataka kutoka, nikamwambia ni mbwa wa jirani amepata mfupa, lala. Akalala. Asubuhi akawasha gari, hakuangalia chini yake. Andika."

"Shemeji, unajua unachofanya?"

"Najua. Alois na wenzake watakwenda kwa mama yangu Dareda. Vitu vyako, Paskasi, nilikuambia visikae kwangu. Ulisema wiki moja."

Paskasi alisimama. Alimtazama Inspekta, akatazama banda, akaondoka haraka kwa kukata mabua, viatu mkononi.

"Nimfukuze, afande?"

"Kwenda wapi? Hana petroli na yeye. Mgambo wako njia ya Bonga, watatuletea."

Mjane alitoa ufunguo kifuani, akanyanyuka mwenyewe, akalifungua kufuli mwenyewe. Mlango ulikwaruza udongo. Ndani, kuanzia sakafuni hadi kwenye bati, zilipangwa katoni za sabuni. Nyuma yake yalikuwa magunia ya sukari, na juu ya sukari vitenge vilivyofungwa kwa kamba, bidhaa za ulanguzi ambazo mwaka ule zilimpeleka jela yeyote aliyekutwa nazo. Harufu ya sabuni iliwapiga usoni kama upepo. Zuwena, aliyekuwa akifua sare yake kwa majani ya mpapai tangu Pasaka, aligeuka akaangalia kuku.

"Ziko ngapi?" Inspekta aliuliza.

"Sijawahi kuzihesabu," Mama Alois alisema. "Sijatumia hata moja."

Inspekta aliamini. Khanga yake ilinuka majivu ya kufulia.

*

Kituoni hapakuwa na mahabusu ya wanawake. Mwanamke aliyeshikwa alikaa kwenye benchi la kaunta mpaka gari la mkoani lije kumchukua, na gari lilikuja likipata mafuta.

Kasimiri alitolewa. Mkuu wa kituo alikuwa amesoma maelezo mara mbili, mara ya pili kwa sauti, akauliza kama Inspekta anataka kweli jina la fisi liende mahakamani, halafu akatia sahihi. Fundi alirudishiwa mkanda wake na viatu vyake, akakaa mwisho wa benchi kuvivaa.

"Afande," alisema, "kwa hiyo ni nani?"

"Fisi."

"Ngozi nilikata mimi. Mafuta nilitia mimi."

"Sheria haijakataza mafuta ya kondoo."

"Sikuulizi sheria."

Inspekta alimsogezea karatasi ya kuachiwa. "Saini hapa, Fundi."

Kasimiri alisaini. Mlango wa mbele ulifunguka na Zuwena akamwingiza Mama Alois, akamwonyesha ncha nyingine ya benchi. Mjane aliketi. Aliuliza kwa adabu kama viatu navyo avivue, Zuwena akasema ndiyo mama, ndio utaratibu. Akainama.

Kwa muda walikuwa wameinama wote wawili kwenye benchi lile moja, fundi akifunga kamba za viatu vyake, mjane akifungua za kwake. Kasimiri ndiye aliyemaliza kwanza. Alisimama, lakini hakuondoka.

"Pole, Mama Alois."

"Asante, baba. Nenda. Jovita anakusubiri."

"Nimesikia wewe ndiye uliyesema."

"Nilichelewa kusema."

Kasimiri aliviokota viatu vya mjane sakafuni, vya raba nyeusi vilivyojaa vumbi la Nakwa, akavipangusa kwa kiganja kimoja baada ya kingine, akaviweka juu ya kaunta mbele ya Inspekta.

Inspekta Xavery alifungua daftari la mali za mahabusu, akaandika: viatu, jozi moja. Kisha akasubiri mjane avue na pete.